Mzee wa mkaa ashuke, msafara wa hisani upite

Ukitoka Dumila kwenda Gairo, barabara ya Dodoma huanza kupanda taratibu, kisha huacha utaratibu. Asubuhi moja, miaka michache nyuma, nilikuwa kwenye mlima huo ndani ya msafara wa waendesha baiskeli wapatao arobaini. Nilialikwa kama mwandishi, kwa siku mbili tu, nikapewa baiskeli ya gia na kofia ngumu. Mapaja yalikuwa yanawaka. Mbele yetu ilitangulia pikipiki ya polisi, nyuma lilifuata gari la wagonjwa, na nyuma yake lori la mizigo na basi dogo la waliochoka, ambalo nilikuwa nalitamani tangu Magubike. Sote tulivaa fulana za aina moja, mgongoni nembo za wafadhili, kifuani maneno ya kumtetea mtoto wa kike wa shule.

Hatua chache mbele, pembeni mwa lami, mzee mmoja alikuwa anasukuma Phoenix yenye magunia matatu ya mkaa, mawili yakining'inia ubavuni na moja likiwa limelazwa juu ya keria. King'ora kikalia. Mzee akageuka, akaona taa za buluu, akashuka kwenye nyasi. Baiskeli ikamwelemea, akaizuia kwa bega. Tukapita tukimpungia mikono, wengine wakimpigia makofi. Mmoja wetu akapaza sauti, "Shikamoo mzee!" Akaitika, "Marahaba," akasubiri hadi lori la mizigo lipite, kisha akaanza kuhangaika kuirudisha barabarani.

Kati ya baiskeli zote zilizokuwa mlimani saa ile, moja tu ilikuwa kazini, na ndiyo iliyotakiwa kupisha.

Nasema mapema kwamba siko kinyume na misafara hii. Naipenda, na nikialikwa tena nitakwenda, ingawa magoti yatakuwa na maoni yao. Lakini imekuwa mingi, na kitu kikiwa kingi kinastahili kuulizwa maswali. Kwa miaka kadhaa sasa, kila inapokaribia tarehe 14 Oktoba, waendesha baiskeli wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam kwenda kijijini kwa Mwalimu Nyerere, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na njiani hugawa madawati, hupanda miti na huambatana na huduma za afya. Kule Kilimanjaro, changamoto inayoendeshwa na mgodi wa Geita tangu 2002 kuchangia mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI ina wanaopanda mlima kwa miguu na wanaouzunguka kwa baiskeli. Ongeza hapo benki, makanisa, klabu za wikiendi na vyuo, kila mmoja na fulana yake.

Wapo wanaoona huu ni uzungu mtupu ulioletwa na vijana wa nguo za kubana. Si kweli. Kuumiza mwili njiani kwa ajili ya jambo la wote ni utamaduni wa siasa zetu wenyewe. Lilipotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967, vijana walitembea kwa miguu mikoa kwa mikoa kuliunga mkono, na kijana Seti Benjamin alifia njiani katika matembezi hayo. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, kulikokuwa na mkutano mkuu wa TANU, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 uliochukua siku kadhaa. Anayeendesha baiskeli leo kutoka Mwanza, akapita Magu na Bunda kwenda Butiama, anapita njia ileile akiwa ameelekea upande wa pili. Tofauti ni kwamba matembezi yale hayakuchangisha senti. Yalikuwa namna ya kusema "niko pamoja nanyi" kwa kutumia nyayo. Msafara wa leo unasema hivyo na papo hapo unadai kuleta fedha. Hapo ndipo hesabu zinapoanza kugongana.

Swali la kijiweni linajulikana: kwa nini wasizitoe tu hizo pesa? Wapanga misafara hulichukulia kama swali la wavivu wenye wivu. Mimi naliona la haki. Tupige hesabu ya mezani, ya kubuni kabisa. Waendeshaji 60, siku 12 njiani, kila mmoja chumba na chakula kwa Sh70,000 kwa siku. Hiyo ni Sh50,400,000. Sijaweka mafuta ya magari, posho za askari na wauguzi, fulana, mabango, wala usafiri wa kurudi. Tukikadiria dawati moja kwa Sh100,000, malazi na ubwabwa peke yake vimekula madawati 504, yaani watoto zaidi ya elfu moja wanaokaa wawili wawili. Kwa hiyo msafara ukifika mwisho wa safari na madawati 200, ukapiga picha na kuagana, mtu wa kijiweni ameshinda mjadala bila kuinuka kwenye benchi.

Wamarekani wameugua ugonjwa huu kabla yetu, na yapo ya kujifunza. Mwaka 1980, jimboni Massachusetts, Billy Starr, aliyempoteza mama yake kwa saratani, alikusanya watu 36 wakaendesha baiskeli na kupata dola 10,200. Safari hiyo, Pan-Mass Challenge, ipo hadi leo, na ilipofika 2024 jumla ya fedha zilizokwenda kwa taasisi ya saratani ya Dana-Farber ilikuwa imevuka dola bilioni moja. Siri yake si miguu. Kila mwendeshaji hutia saini kwamba atakusanya kiasi fulani kutoka kwa watu wake, na asipokifikisha, kilichopungua hukatwa kwenye kadi yake ya benki. Kila dola aliyoikusanya huenda kwa Dana-Farber. Gharama za kuendesha safari hulipwa kwa ada za kujiandikisha na fedha za wafadhili. Mifuko miwili, na haichanganywi.

Upande wa pili wa nchi mambo yalikwenda tofauti. Dan Pallotta alianzisha mwaka 1994 safari ya San Francisco hadi Los Angeles kuchangia huduma za UKIMWI. Fedha nyingi ziliingia, na nyingi zilitumika kuendeshea, hadi mashirika yaliyonufaika yakajitenga na kuanzisha safari yao wenyewe, AIDS/LifeCycle, mwaka 2002. Kampuni ya Pallotta ikafungwa mwaka huohuo. Mwaka 2013 alijitetea hadharani kwamba tunayaadhibu mashirika ya hisani kwa kutumia fedha, hali ya kuwa tunayasifu makampuni ya biashara kwa jambo lilelile. Hoja ina uzito: afadhali anayetumia mia akaleta elfu kuliko asiyetumia kitu akaleta hamsini. Lakini na hiyo AIDS/LifeCycle, baada ya kukusanya zaidi ya dola milioni 300, ilifanya safari yake ya mwisho Juni 2025. Gharama zilikuwa zinapanda na waendeshaji wanapungua. Hata msafara uliosimamiwa vizuri huweza kufika mahali ukaanza kujila wenyewe.

Kwetu sisi mwendeshaji hadaiwi kukusanya chochote. Kampuni moja au mbili hutoa fedha, fedha hizohizo hulipa hoteli na hununua madawati, na mwendeshaji hubaki kuwa bango linalotembea. Nimewahi kumuuliza mpangaji mmoja kwa nini wasiwape watu kadi za kuchangisha. Akacheka. "Watanzania hawachangii vitu hivi," akasema.

Hapo sikubaliani naye. Mtanzania huyo asiyechangia ana makundi manne ya WhatsApp ya harusi wakati huu ninapoandika. Anachangia kipaimara cha mtoto wa jirani, msiba wa mkwe wa mfanyakazi mwenzake, na kadi ya dabo ya binti wa mtu ambaye sura yake haikumbuki vizuri. Tunachanga kuliko tunavyokula. Ila mchango wetu una kanuni, na kanuni ya kwanza ni daftari. Kila jioni mweka hazina hubandika orodha: jina, ahadi, taslimu, alama ya vema. Aliyetoa anajiona. Asiyetoa anajiona zaidi. Kanuni ya pili ni kurudishiwa. Leo kwako, kesho kwangu, na sahani ya pilau katikati. Mchango ni mkopo uliovaa nguo za sherehe.

Msafara wa hisani hauna daftari wala pilau. Unamwomba mtu atoe kwa ajili ya mtoto asiyemjua, wa wilaya asiyoijua, kupitia akaunti ya taasisi ambayo hatasikia habari zake tena. Bila shaka atanyamaza. Lakini daftari linaweza kuazimwa. Mpe kila mwendeshaji kundi lake, ndugu zake na wa kazini kwake. Awaombe wamnunulie kilomita: shangazi anunue kipande cha Chalinze hadi Morogoro, bosi apewe mlima wa Gairo maana ndiye mwenye hela. Kila jioni mwendeshaji abandike orodha na picha ya alipofika, na mwisho wa safari abandike risiti na jina la shule. Kampuni ilipe vyumba, chakula na magari, na itangaze wazi kwamba imelipa hivyo, maana hakuna aibu katika kulipia ubwabwa wa watu. Wenzetu wa Kenya wameifanya harambee kwa miongo mingi na wanajua kwamba jina linalosomwa kwa sauti hufungua pochi. Sisi tunalo jina hilo kwenye simu.

Hata hivyo, fedha si hoja yangu kubwa. Kama ni fedha tu, uza keki.

Kitu pekee ambacho msafara wa baiskeli hutoa na hundi haiwezi kutoa ni mwendo wa pole. Meneja, daktari, ofisa wa wizara, mtangazaji, watu ambao barabara hii huipita ndani ya gari lenye kiyoyozi wakiwa wamelala, wanawekwa juu yake kwa kilomita 20 kwa saa kwa siku kumi na zaidi. Kwa mwendo huo huwezi kutoona. Unajua lami inapoishia na shimo linapoanza. Unajua upepo wa basi linalokupita kwa kasi unavyoivuta baiskeli kuelekea katikati. Unaona watoto wenye sare wakitembea kandokando saa kumi na mbili asubuhi, unawaacha, unakwenda nusu saa nzima, ndipo unaiona shule yao. Mimi hilo nililiona kati ya Gairo na Kibaigwa. Nilikuwa nimepita njia ile kwa gari mara nyingi mno na sikuwahi kupima kwa macho kwamba shule iko mbali kiasi kile na nyumba.

Tatizo ni kwamba tunaipanga misafara kwa namna inayotuzuia kuona. King'ora hutangulia, barabara husafishwa, na kila kituo wanafunzi huwa wamepangwa mstari tangu asubuhi na ngoma. Hatumkuti mwalimu mkuu akiwa katika hali yake ya kila siku. Tunamkuta akiwa na tai na risala. Usalama ni muhimu, sipendekezi watu waachwe wajipige na malori ya Rwanda na Kongo. Lakini ulinzi huohuo unaonyesha kitu: sisi wenye afya, kofia ngumu na gari la wagonjwa tumeonekana hatuwezi kupita barabara ile bila askari, na anayeipita kila siku bila hata taa ya nyuma anaonekana yuko sawa. Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo vya barabarani kuwa takriban milioni 1.19 kwa mwaka ulimwenguni, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Hakuna risala niliyoisikia siku zile mbili iliyogusa jambo hilo. Ilitajwa miti.

Tuje kwenye madawati. Naelewa yalikotoka. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa yalifurika, serikali ikaendesha kampeni kubwa ya madawati, na tangu hapo dawati limekuwa zawadi ya kawaida ya kila mwenye hisani. Linahesabika, linapigika picha, na lina ubao wa kuandikia jina la aliyelitoa. Sisemi halihitajiki. Nasema msafara wa baiskeli unaomalizia kwa kutoa madawati ni kama mvuvi anayekuletea zawadi ya nyanya. Si mbaya, lakini samaki yuko wapi?

Maana baiskeli yenyewe ni msaada wa elimu uliopimwa. Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana walioingia sekondari fedha za kununulia baiskeli, na watafiti waliolinganisha na jimbo jirani walikuta uandikishaji wa wasichana umepanda kwa karibu theluthi. Zambia, wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli na shirika la World Bicycle Relief walipunguza utoro kwa zaidi ya robo wakilinganishwa na wasiopewa, na muda wao wa njiani ukapungua kwa takriban theluthi. Baiskeli zile hazikuwa za gia thelathini. Zilikuwa za chuma, nzito, zenye keria ya kubeba hadi kilo 100, za aina ambayo fundi yeyote wa chini ya mti anaweza kuifungua. Shule zetu za kata zilisambaa kwa wingi baada ya 2004, lakini kata nyingi ni pana kuliko miguu ya mtoto wa miaka kumi na minne. Huyo ndiye mtoto wa kike aliyeandikwa kifuani mwangu siku ile. Dawati linamsubiri darasani. Linalomkwamisha ni kufika.

Kuhusu mafundi, acha nitoe ushuhuda. Spoku mbili za baiskeli ya mwenzangu zilikatika tukiwa tunaingia Kibaigwa, karibu na lile soko kubwa la mahindi. Fundi wa msafara alikuwa mbali mbele na kipuri kinachofaa hakikuwapo. Kijana mmoja aliyekuwa ameketi juu ya kopo la rangi, na zana zake zote ndani ya gunia, akakata spoku za Phoenix, akazikunja, akazipachika, akainyoosha rimu kwa kuisikiliza kama mtu anayelisikiliza gitaa. Akadai buku. Mwenzangu akampa elfu tano na kupiga naye picha. Katika taarifa ya msafara iliyotolewa baadaye alishukuriwa fundi wa msafara.

Kijana yule ni sehemu ya uchumi mzima ambao misafara yetu huupita bila kuutazama. Kanda ya Ziwa baiskeli ni ng'ombe wa pili: inabeba maji, pamba, mama mjamzito, mwili wa marehemu. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda kwa vijana waliovusha abiria kwa baiskeli, kabla injini haijawakuta. Pale Dar es Salaam, Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, umepigania njia za baiskeli kwa miaka mingi, na njia hizo zikajengwa kando ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016. Leo ukizitumia unapishana na pikipiki, meza ya chipsi na gari lililoegeshwa. Msafara wa hisani unaotoka Dar huanzia mjini hapohapo, kwa pikipiki ya polisi na barabara iliyofungwa, na hauzihitaji njia hizo. Ungezitumia siku moja tu, waheshimiwa wakiwa mbele, nadhani meza ya chipsi ingepata mazungumzo.

Pendekezo langu kwa wapanga misafara ni dogo. Nusu ya waendeshaji wasipande baiskeli zao. Wapande baiskeli mpya za kawaida, Phoenix au za chuma kama zile za Zambia, zilizonunuliwa kwa daftari la ndugu na marafiki, na kila wanapofika mahali penye shule iliyo mbali na watoto waziache pale, pamoja na pampu, viraka na malipo ya mwaka mmoja ya fundi wa kijiji. Anayeacha baiskeli yake apande basi la waliochoka kwa heshima zote. Hivi sasa mambo ni kinyume. Safari ikiisha, baiskeli za mamilioni hupakiwa kwenye lori na kurudi Dar, wenyewe huwahi ndege Mwanza, na barabara hubaki na baiskeli zilezile ilizokuwa nazo.

Nilimweleza wazo hili rafiki yangu mmoja, mwendeshaji mzoefu, ambaye baiskeli yake naogopa hata kuiegemea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Sasa ule mlima wa Gairo nani ataupanda na Phoenix?"

Nikamtajia mzee wa mkaa.

"Yule alikuwa anasukuma," akasema.

"Na sisi tutasukuma."

Amesema atafikiria. Oktoba ikikaribia nitampigia.